Mvua Haikunyesha na Wageni Hawakuja

Kiingereza nilikifundisha Tanga kabla sijapanda ndege, tena kidato cha tatu na cha nne, kwa chaki na kwa ukali. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba sikufika Madison, Wisconsin, kama mtu wa kuulizauliza. Mwalimu aliyewahi kumsimamisha mtoto wa watu kipindi kizima kwa kosa la "a" na "an" hawezi kuonekana kwenye korido ya Wamarekani akiulizia maana ya neno la herufi tano.

Neno lenyewe ni check. Nani asiyelijua? Kwetu hata muuza karanga anakuambia "nicheki jioni". Tunacheki simu, tunacheki mpira, tunachekiana. Benki wameandika hundi, lakini mtu akilipwa kwa hundi anasema amepewa cheki. Niliondoka nyumbani nikiamini neno hilo nimelimaliza.

Dalili zilijitokeza mapema. Mgahawani, nilipokwisha kula, mhudumu akasema kwa tabasamu kwamba anakwenda kuniletea check. Nikafurahi mno. Nikajua Marekani ni nchi tajiri, lakini sikujua kwamba ukila sana wanakuandikia hundi. Akaleta bili. Siku nyingine kwenye ukumbi wa muziki nikaona kibao, coat check, na dada amesimama nyuma ya kaunta. Ukaguzi wa makoti. Nikavua langu kwa utii wa mtu mwenye viza, nikageuza mifuko yote mbele yake: funguo, leso, peremende, nusu ya andazi. Dada aliliangalia lile andazi, akaniangalia mimi, akachukua koti na kunipa kibati chenye namba. Muziki sikuusikia. Muda wote niliwaza ni kosa gani limelifanya koti langu lizuiliwe.

Mtu mwingine angejifunza hapo. Mimi nikaandaa pilau.

Mwezi wa tano ulikuwa umeingia, baridi imekwisha, nami niliona aibu kukaa na watu wa idara majira yote bila kuwakaribisha. Nikamwalika profesa wetu, mama mtu mzima, aje na mumewe. Nikamwalika bwana wa maktaba na mkewe na watoto. Nikamwalika na kijana wa masjala, ambaye hajaoa lakini kwa kumtazama unajua anakula. Profesa akaweka mkono kifuani, akasema angependa sana, ila atachukua rain check. Bwana wa maktaba naye akasema rain check. Kijana akadakia, "Me too!"

Nikatafsiri papo hapo: rain ni mvua, check ni kuangalia. Wataangalia mvua kwanza. Nikawaona ni watu wa maana hasa. Tanga wakati wa masika nani anatoka kwenda shughulini bila kuangalia wingu limekaaje upande wa baharini? Nikawaambia, "Of course, of course," kwa sauti ya mtu anayeijua mvua.

Wiki ile nzima nikawa mtabiri. Nililala na taarifa ya hali ya hewa, nikaamka nayo. Ijumaa wingu zito likatanda juu ya Ziwa Mendota, nikasoma dua zote nilizofundishwa chuoni, hata ile ya safari. Jumamosi kukapambazuka jua kali, mbingu nyeupe pee. Nikamtumia profesa ujumbe: "Habari njema! Mvua nimeicheki mwenyewe, hakuna kabisa." Akajibu kwa kikaragosi cha kucheka na kunitakia nilifurahie jua. Ningetaka uthibitisho gani zaidi?

Nikampigia mama.

"Shikamoo mama. Naomba vipimo vya pilau."

"Marahaba. Vipimo gani? Mkono wako wameukata huko?"

"Nina wageni, mama. Wazungu."

"Wangapi?"

Nikamhesabia, wakafika wanane. Mama akasema Mzungu naye ana jirani yake, pika ya watu kumi na tano. Kisha akaanza kunitajia bizari, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na kila kimoja kipimo chake kilikuwa "kiasi". Nikauliza na moto wa juu nitaupaliaje, maana mkaa hakuna. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, hebu rudi nyumbani."

Vitunguu vilipofikia rangi ile ambayo ndiyo pilau yenyewe, king'ora cha moshi kikalia. Kwetu moshi jikoni ni habari njema, kule ni mkasa. Nikapanda kwenye kiti na kanga ya dada yangu nikawa napepea dari, huku mkono wa pili unakoroga. Aliyekuwa akinitazama kutoka dirisha la ng'ambo bila shaka alidhani ni ibada.

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa nimeoga, kachumbari imekaa, sahani nimezipanga hadi juu ya kabati la vitabu. Saa moja nikafungua mlango ili wasihangaike kubisha. Saa mbili nikatoka nje kuangalia mbingu, labda mvua inanyesha upande wao. Nyota tupu.

Hodi ikapigwa saa mbili na nusu. Nikaruka. Alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mwanafunzi kutoka Iran, mwenyeji wa Shiraz. Tulikuwa tukisalimiana kwenye ngazi tu. Hakusema habari za jioni. Aliingiza pua kwanza.

"Hicho ni nini?"

"Pilau."

"Polo!" akasema, akaingia na mwili uliobaki. Kwao wali wa namna hii ni polo, na mtu yeyote mwenye sufuria ya mchele yenye hiliki ni ndugu wa damu. Kisha akaziona sahani zilivyopangwa, akauliza kuna nani amefariki.

Nikamweleza. Nilipofika kwenye rain check alishika ukuta. Nilipofika kwenye ujumbe wa "mvua nimeicheki mwenyewe" alikaa chini sakafuni. Mtu mzima, mwanafunzi wa udaktari wa uhandisi, analia machozi kwenye zulia langu.

Alipopata pumzi akanipa somo. Asili yake ni besiboli. Mchezo ule hauchezwi kwenye mvua, kwa hiyo tangu miaka ya 1880 viwanja vya Marekani vilikuwa vikiwapa watazamaji kipande cha tiketi: mvua ikivunja mchezo, shika kipande chako, uje siku nyingine bila kulipa. Kipande hicho ndicho rain check. Siku hizi mtu akikwambia anachukua rain check, amekwambia kwa adabu kwamba haji.

"Haji hata kukiwa na jua?"

"Jua halihusiki!" akapiga kelele, akaanza kulia upya.

Nikampakulia ili anyamaze. Hakutaka pilau ya juu. Alitaka chini, akakwangua sufuria kwa kijiko cha chuma mpaka akafikia ukoko, akaushika kwa mikono miwili kama hati ya nyumba. Kwao unaitwa tahdig, na mgeni wa heshima ndiye anayepewa. Kwetu ukoko tuligombania watoto hadi kuumana. Nilimtazama akiumaliza wote na sikuweza kusema kitu, maana usiku ule mgeni wa heshima alikuwa ni yeye kweli, kwa kukosekana wengine.

Ukoko ukamtia maneno. Akaniambia nisiwalaumu Wamarekani, neno lile ni lao wao, Waajemi. Shah, mfalme. Kwenye sataranji, yaani chess, ukimtishia mfalme wa mwenzako unamtahadharisha: shah! Neno likapita kwa Waarabu, likapita kwa Wafaransa, likaingia Uingereza limechakaa, likawa check. Ukimzuia mfalme umemcheck, na kumzuia mtu kukawa kumkagua, na kumkagua kukawa kuangalia. Nikamwambia shaha tunaye hata sisi, washairi wetu humwita hivyo bingwa wao. Akafurahi. "Kwetu Shah aliondoka mwaka 1979," akasema, "lakini Wamarekani wanamwita mezani kila wakimaliza kula."

Tukagombana mara moja tu, kwenye checkmate, neno la kumalizia mchezo. Mimi nikasema "mate" ni mauti, ndiyo maiti yetu, mfalme kafa, na Waarabu ndivyo wanavyolielewa. Yeye akakataa katakata. Kwa Kiajemi mat ni aliyeduwaa, aliyekwama, hana pa kwenda wala wa kumsaidia. Mfalme kwenye sataranji hafi. Nikaiangalia sufuria ya watu kumi na tano, nikaangalia mlango ulio wazi. Nikamwachia hoja yake.

Alipoondoka, na bakuli mkononi, sikupata usingizi, nikashika kamusi. Ukoo wa huyu mfalme hauna mwisho. Ubao wa sataranji, wenye vyumba vyake, Wafaransa wa kale waliuita eschequier. Huko Uingereza, enzi za Mfalme Henry wa Kwanza, maofisa wa hazina walitandika mezani kitambaa chenye mistari ya namna hiyo, wakawa wanahesabu kodi kwa kusogeza vidude juu yake, maana kujumlisha kwa namba za Kirumi ni adhabu. Richard FitzNeal aliyeandika habari za meza hiyo kwenye miaka ya 1170 anafananisha kabisa: mweka hazina upande huu, liwali wa jimbo upande ule, wanapambana kama wachezaji. Nikawaona wanavyokaa, kama wazee wa drafti chini ya mwembe kule Ngamiani na vizibo vyao vya soda, isipokuwa hawa aliyeliwa kete analipa kodi. Mpaka leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer. Bwana Sataranji, kwa ufupi.

Kutoka hapo Waingereza wakaanza kuiandika hundi "cheque", wakiigiza Exchequer. Hapo awali check ilikuwa kishina tu, kipande unachobaki nacho ili kulinganisha na kile ulichotoa, mtu asije akaghushi. Kibati cha koti langu kina kazi hiyo hiyo. Tiketi ya besiboli vivyo hivyo. Shati la drafti nalo lina jina hilo, na drafti yenyewe Wamarekani wanaiita checkers. Mcheki wa Prague peke yake ndiye hayumo, ingawa Waingereza wanamtamka sawasawa na hao wengine, pengine ili wanitafute mimi.

Asubuhi mama akapiga kabla sijapiga mimi.

"Wageni walikula?"

"Hawakuja, mama. Walisema watacheki mvua."

"Ikanyesha?"

"Haikunyesha."

"Basi hawakucheki, baba. Wamekucheka."

Nikajaribu kumweleza. Nikaanza na besiboli, nikaona haendi, nikarudi kwa Henry wa Kwanza, nikapotea zaidi. Nikamwambia kuwa chanzo cha yote ni mfalme wa Uajemi, na kwamba jirani yangu mmoja ndiye aliyenifungua macho.

"Jirani gani?"

"Kijana wa Shiraz. Ndiye aliyekula ukoko wote."

Upande wa pili kukawa kimya. Kisha mama akamwita bibi, akawaita na majirani, nikasikia viti vinaburutwa.

"Mshirazi?" akasema mama. "Mshirazi wa Shiraz yenyewe? Na wewe umempa ukoko tu, bila nyama? Mtu wa kwetu huyo!"

"Mama, nyama alikula, na bakuli nikamfungia."

"Na mchana huu mpelekee nyingine." Akashusha sauti, dada yangu asisikie. "Hebu niambie. Ameoa?"