Sanaa isiyohitaji mlinzi, na chama kisichomtegemea mtu mmoja

Ukitaja NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki wa kitu kama picha, mbele ya vijana wa Nairobi siku hizi, wengi watakukatiza kabla hujamaliza. Wanaukumbuka mwaka 2021. Mwezi Machi nyumba ya mnada ya Christie's iliuza kazi ya Beeple, msanii wa kidijitali, kwa zaidi ya dola milioni 69, kila mtu akakimbilia kuuza picha, kisha bei zikaporomoka na waliopata hasara wakanyamaza. Sina nia ya kuwarudisha sokoni. Ninachotetea ni kipande kidogo ambacho soko lilikifunika kwa kelele: sanaa zalishi inayoishi yote ndani ya blokicheni, yaani mnyororo wa kumbukumbu unaotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, pamoja na zana ambazo jamii zisizo na mkubwa zimejitengenezea kando yake. Naamini mji huu unazihitaji, na kwamba una jambo la kuzifundisha.

Sanaa zalishi si picha za akili unde. Msanii huandika kanuni, kompyuta ikazifuata, na bahati nasibu aliyoiruhusu ndani ya kanuni hizo huufanya kila mchoro uwe tofauti na mwenzake. Ni sanaa ya zamani kuliko intaneti: Georg Nees alionyesha michoro ya namna hii Stuttgart mwaka 1965, na Vera Molnár alianza kutumia kompyuta Paris mwaka 1968. Kilichobadilika karibuni ni mahali zinapowekwa kanuni zenyewe.

Kwa hilo, naithamini kazi iitwayo Autoglyphs kuliko kazi nyingi zilizopata bei na sifa. Matt Hall na John Watkinson wa kampuni ya Larva Labs waliitoa Aprili 2019 kwenye Ethereum, mojawapo ya blokicheni kubwa. Msimbo wote wa kuchora umo ndani ya mkataba mahiri, yaani programu inayokaa kwenye mnyororo wenyewe. Aliyetaka mchoro alilipa 0.2 ya Ether, sarafu ya Ethereum, pesa hizo zikaenda kwa shirika la mazingira la 350.org, naye akachorewa wake. Ilipotimia michoro 512, mlango ukafungwa. Kila mmoja ni alama za maandishi tu, zimepangwa kwenye gridi ya 64 kwa 64. Lakini leo hii yeyote anaweza kuuomba mkataba ule mchoro wowote kati ya hiyo nao ukautoa vilevile, bila kupitia tovuti ya mtu na bila ruhusa ya waliouandika. Kampuni inaweza kufungwa, wasanii wanaweza kufa. Kazi haitaondoka maadamu Ethereum ipo.

NFT nyingi hazina sifa hiyo. Mnyororo hubeba tokeni, yaani hati yenyewe, na anwani ya faili, na picha hukaa kwenye seva ya mtu. FTX, soko la sarafu za kidijitali, lilipofilisika Novemba 2022, NFT zilizotolewa huko zilipoteza picha zake, kwa sababu anwani zake zilielekea kwenye tovuti ya kampuni ambayo sasa ilikuwa ikiwapeleka watu kwenye taarifa za ufilisi. Hati ya umiliki ipo, kinachomilikiwa hakipo. Hata CryptoPunks za 2017, picha ndogo za sura za watu zinazotajwa kama mababu wa mambo haya, ziliwekewa picha zake ndani ya mnyororo Agosti 2021 tu. Miaka yote kabla ya hapo mkataba ulikuwa na alama ya utambulisho ya picha, si picha.

Nairobi tunaijua hasara hii bila kuguswa na FTX. Michoro ya nganya, zile matatu zilizorembwa, kazi ya mikono inayowafanya watu wasimame kando ya barabara kutazama, hufutwa mwenye gari anapotaka sura mpya, na asipoipiga mtu picha basi imekwenda. Kuna kikundi cha wasanii ninachokifahamu ambacho kazi zake za miaka kadhaa zilikuwa kwenye tovuti moja. Aliyeisajili kwa jina lake alihamia ng'ambo, ada ya mwaka haikulipwa, na tovuti ikatoweka pamoja na kila kitu. Hapakuwa na wizi wala ugomvi. Ufunguo ulikuwa kwa mtu mmoja, basi. Nilipoona hilo liliniuma, na bado linaniuma, maana wengine kati yao hawana nakala nyingine ya kazi walizochora wakiwa na miaka ishirini.

Kuhifadhi kila kitu ndani ya mnyororo kuna gharama, na gharama hiyo imeiumba sanaa yenyewe. Kuandika baiti 32 mpya kwenye hifadhi ya mkataba wa Ethereum hula gesi, kipimo cha kazi ambacho ada hutozwa kwacho, zaidi ya 20,000, na mkataba mmoja hauruhusiwi kuzidi baiti 24,576. Picha moja ya simu ya kawaida inazidi kiasi hicho zaidi ya mara mia. Kwa hiyo msanii hana budi kuacha kufikiria pikseli na kufikiria kanuni: mistari michache ya msimbo ambayo mchoro utazaliwa humo. Art Blocks, jukwaa lililoanzishwa na Erick Calderon mwaka 2020, limesimama juu ya wazo hilo. Msimbo wa msanii huhifadhiwa kwenye Ethereum, na mtu anaponunua, muamala wake huzaa namba ndefu ya nasibu ambayo msimbo huitumia kuchora. Tyler Hobbs alipotoa Fidenza Juni 2021, kazi 999, naye aliziona mara ya kwanza wakati mmoja na wanunuzi. Ifahamike kwamba hata hapo kazi nyingi hutegemea maktaba ya p5.js, msimbo wa kuchorea ulioandikwa na wengine na ambao mwanzoni ulikuwa nje ya mnyororo, ili zichoreke, kwa hiyo mtu akisema kazi yake iko "yote kwenye mnyororo," muulize kipi hasa kiko huko.

Nawaza kijana wa mtaa wa Umoja au Kayole mwenye kompyuta ya mitumba na asiye na studio. Sanaa ambayo faili lake ni kilobaiti chache haimdai turubai wala rangi za kuagiza kutoka nje, wala kusubiri hadi nyumba ya sanaa imkubali. Inamdai hesabu, jicho na uvumilivu. Anaweza kuijaribu miezi mizima kwenye kivinjari bila senti, alipe ada siku ya kuiweka tu. Mitandao iliyojengwa juu ya Ethereum imeishusha ada hiyo sana, ingawa hapo kazi yako itadumu kadiri mtandao huo mdogo utakavyodumu, na mimi kwa kazi niliyoitolea jasho ningejikusanya nilipie Ethereum yenyewe. Hofu ya umeme, ambayo zamani ilikuwa ya haki, ilipungua Septemba 2022 Ethereum ilipoacha uchimbaji, yaani kompyuta kushindana kwa hesabu zinazokula umeme, na matumizi yake ya nishati yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Sasa jamii. Agosti 2021 mradi wa Nouns ulianza kupiga mnada mhusika mmoja aliyechorwa na msimbo, siku baada ya siku. Vipande vya michoro vimo ndani ya mnyororo, haki zake zimeachwa wazi kwa yeyote, na mapato ya minada huingia kwenye hazina ambayo wenye Nouns huipigia kura. Mtu akija na pendekezo, kura zikitosha, mkataba wenyewe hutoa pesa. Hakuna mweka hazina wa kubembelezwa. Septemba 2023 wanachama waliochoshwa na matumizi walitumia kipengele kilichowaruhusu kujitenga na fungu lao: zaidi ya nusu ya Nouns ziliondoka, na takriban dola milioni 27 zikaondoka nazo. Wengi waliandika kwamba huko ni kushindwa. Mimi naona kipengele kile kilifanya kazi yake. Chama ambacho mwanachama hawezi kutoka na akiba yake kimemfunga.

Ninapopingana na zana hizi ni kwenye kura. Tokeni moja, kura moja, maana yake mwenye pesa ndiye mwenye neno. Katika vyama vyetu vya akiba mama muuza mboga na mwalimu mkuu wana kura sawa, na hilo si jambo dogo la kutolewa kafara kwa sababu programu haiwezi kumtambua mtu. Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, walidai kulitatua kwa kupiga picha mboni za macho. Tuliona foleni za KICC, jumba la mikutano la Nairobi, mwaka 2023, watu wakitoa macho yao kwa tokeni za takriban shilingi 7,000, serikali ikasimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Nilikasirika wakati ule na sijabadili msimamo. Kikundi cha watu ishirini wanaojuana kwa majina ya mama zao hakihitaji mboni ya mtu. Kinahitaji orodha ya wanachama iliyokubaliwa mkutanoni, kila jina tokeni moja isiyouzika, na daftari lisilofutika.

Na tayari tuna ushahidi kwamba watu wa kawaida wanaweza kuitumia teknolojia hii bila kuihubiriwa. Shirika la Grassroots Economics lilianza na Bangla-Pesa, pesa ya jamii ya karatasi, mtaani Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013. Baadaye pesa ya jamii ya shirika hilo, iliyoitwa Sarafu, ikahamia kwenye blokicheni, ikatumika kupitia USSD kwenye kabambe, na ikafika Mukuru, Nairobi. Watu walibadilishana unga, mboga na kazi shilingi zilipokosekana. Hakuna aliyesimama kibandani kueleza mnyororo ni nini.

Ninachowaomba wasanii wa mji huu wenye vikundi ni hiki. Kazi za kikundi zinazoweza kuandikwa kama kanuni, ziandikeni hivyo na kuziweka kwenye mnyororo zote, si anwani zake. Mapato yaingie kwenye pochi ya kidijitali ya sahihi tatu, yenye funguo kwa watu watatu, ambapo wawili lazima wakubali ndipo pesa itoke. Kura iwe ya mtu. Anayetoka aondoke na fungu lake kwa kanuni iliyoandikwa kabla hajagombana na yeyote. Sheria ya watoa huduma za mali pepe iliyotiwa saini Oktoba 2025 inawahusu zaidi wanaobadilisha na kutunza sarafu za kidijitali za watu wengine, lakini mkiuza kwa shilingi mtapitia mlangoni kwao, kwa hiyo chagueni aliye na leseni.

Swali ninaloulizwa kila nikilisema hili ni la simu kuibwa, na katika mji huu ni swali la haki. Pochi ya mtu mmoja ikipotea na maneno yake ya siri, pesa imezama. Ya sahihi tatu haizami: wawili waliobaki wanakutana, wanauondoa ufunguo wa simu iliyoibwa, wanaingiza mpya, na kazi inaendelea. Ada ya muamala huo itoke kwenye mfuko wa chama, na katiba iseme hivyo tangu siku ya kwanza.