Mdundo hautibu kila kitu, lakini hofu unaipunguza

Vijana wa vyuo hapa Kisumu hulala na vipokea sauti masikioni, wakisikiliza mvumo unaodaiwa kutuliza akili au kuichangamsha kabla ya mtihani. Wapo wanaouita mlango wa mapepo. Hao sitawajibu leo. Wasomi wanaouita utapeli mtupu wana hoja, ila wameikatiza njiani.

Mvumo huo, ambao Waingereza huuita “binaural beats”, hutengenezwa hivi: sikio moja hupewa sauti ya mitetemo 200 kwa sekunde, la pili 210. Ubongo ukizikutanisha husikia mdundo wa mara 10 kwa sekunde ambao hewani haupo kabisa, jambo lililogunduliwa na Mjerumani Heinrich Wilhelm Dove katika karne ya 19. Wauzaji wakadai kwamba mawimbi ya ubongo huufuata mdundo huo, na kwa kuwa mtu aliyetulia huku amefumba macho huwa na mawimbi kati ya 8 na 13 kwa sekunde, basi utulivu utakuja wenyewe.

Hapo ndipo wanaponaswa. Mapitio ya mwaka 2023 yalikusanya tafiti 14 zilizopima mawimbi yenyewe: 5 ziliunga mkono dai hilo, 8 zikalipinga, 1 ikawa na majibu mchanganyiko. Anayewauzia wanafunzi sauti za kuongeza akili anawaibia.

Lakini mgonjwa anayesubiri kupasuliwa haulizi mawimbi yake yamefanyaje. Anataka moyo uache kumwenda mbio. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 108 waliokuwa wakingoja nusukaputi. Walioachwa hivi hivi, wasiwasi wao ulishuka kwa asilimia 3.8. Waliosikiliza sauti bila mdundo ule, asilimia 11.1. Waliosikiliza sauti hiyo hiyo ikiwa na mdundo, asilimia 26.3. Hebu tuzitazame hizo mbili za mwisho: sauti ni moja, kisu kinachongojwa ni kile kile, kilichoongezwa ni mdundo tu, na nafuu ikazidi maradufu! Ni utafiti mmoja, tena si mkubwa. Hata hivyo, dawa ya kutuliza hununuliwa kwa kila mgonjwa na humwacha na usingizi; vipokea sauti hutumika tena na tena.

Nasi watu wa magharibi mwa Kenya si wageni wa mdundo unaotuliza. Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupiga isukuti arusini na matangani, ngoma tatu: baba, mama na mtoto. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mfiwa akisimama karibu na ile kubwa huisikia kifuani. Mabega huitika, kisha miguu, na pumzi iliyokwama kwa kilio ikafuata mwendo wa wenzake. Faida hiyo haingoji kipimo cha mawimbi.

Anayetumia dawa za sonona asiziache kwa ajili ya mvumo. Ila hospitali zetu za kaunti zingeweza kurudia jaribio lile kwenye foleni ya thieta: makundi matatu, wagonjwa wetu, na nyatiti, kinubi cha Waluo, badala ya muziki wa kigeni. Gharama yake ni vipokea sauti, karatasi za maswali, na daktari wa nusukaputi aliye tayari kuhesabu.