Rafiki naye ana maisha yake

Kuna makala inayodai kwamba katika riwaya za mapenzi za vijana rafiki wa mhusika mkuu lazima akae pembeni, eti kwa sababu msomaji amekuja kuwafuata wapendanao wawili tu. Sikubaliani hata kidogo. Rafiki anayejitokeza kusikiliza habari za mvulana, kutoa ushauri na kutoweka si mtu, ni chombo cha mwandishi, na kijana anayesoma huliona hilo upesi. Mtazameni Isaac katika The Fault in Our Stars ya John Green, iliyotoka mwaka 2012. Si yeye mhusika mkuu, lakini saratani inamnyang'anya macho, na mpenzi wake anamwacha kabla ya upasuaji. Ana hasira na uchungu wake mwenyewe, ndiyo maana urafiki wake na Augustus, mvulana anayependwa na mhusika mkuu, unaaminika. Tena mapenzi ya kwanza hutikisa urafiki kwelikweli: ahadi zinavunjwa, ujumbe haujibiwi, siri ya rafiki inamfikia mpenzi, na aliyeachwa nyuma anaona aibu kusema kwamba ameumia. Waandishi wengi wanauruka mgogoro huo, kisha kwenye sura ya mwisho rafiki anasamehe kwa sentensi moja. Binti yangu, ambaye tunasoma naye riwaya hizi, hukasirishwa na hilo kuliko busu lolote la kubuni, na namwelewa. Je, kuna aliyesoma riwaya ya vijana ambamo kuvunjika kwa urafiki kunauma kuliko kuvunjika kwa mapenzi?