Miombo, makala na mihadhara ya wazi Lubumbashi

Makala, yaani makaa ya kupikia, yanayoingia Lubumbashi, kusini mwa Kongo, alfajiri juu ya baiskeli yametoka katika pori la miombo, msitu wa wazi wenye nyasi chini ya miti, na kuhusu pori hilohilo zipo tafiti nyingi, zilizoandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, ambazo mchomaji wa makala hayo hajapata kuzisikia. Kwa sababu hiyo naunga mkono, pamoja na mashaka nitakayoyataja, rai ya kwamba watafiti wa misitu watoe matokeo yao katika mihadhara ya wazi badala ya kuyaacha kwenye tasnifu na majarida.

Mfano wenye uzito kuliko yote uko karibu nasi, Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ambako majaribio ya moto yalianza mwaka 1933. Viwanja vilivyochomwa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, vilibaki na miti yake. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi viligeuka polepole kuwa mbuga ya nyasi. Na vilivyokingwa kabisa vilianza kusongamana vichaka vya kijani. Kwa kuwa miti ya miombo ikikatwa huchipua tena kutoka kwenye visiki na mizizi, moto wa mwezi wa tisa au wa kumi unaounguza machipukizi hayo unaweza kulidhuru pori kuliko shoka lililotangulia. Hilo laelezeka kwa dakika kumi, na anayelihitaji zaidi ni mwenye kiberiti mkononi.

Wanaopinga hujibu kwamba mwenye kiberiti hatakuwepo. Mhadhara hufanyika mjini, siku ya kazi, kwa Kifaransa, na kuja kwake kunamgharimu nauli na pato la siku nzima. Wanasema kweli, ingawa si yote: afisa wa misitu aliyesoma miaka ishirini iliyopita naye anahitaji kusikia, maana ndiye anayemtoza faini mwanakijiji kwa moto wa aina yoyote, wa mapema au wa kuchelewa.

Hoja iliyonisumbua zaidi ni ya mukula. Katika miaka ya 2010 mti huo wenye mbao nyekundu ulikatwa kwa wingi Katanga na Zambia kwa ajili ya soko la China, hata mwaka 2019 mukula, kwa jina la kisayansi Pterocarpus tinctorius, ukaingizwa katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mtafiti anayeonyesha hadharani ramani ya mikula iliyosalia humsaidia pia mnunuzi wa magogo aliyeketi nyuma ya ukumbi. Hata hivyo siafiki kwamba dawa yake ni kufunga mlango, kwa sababu mnunuzi ana watu wake wa kumtafutia miti, ilhali mwanakijiji asiyejua thamani ya mti wake huuuza kwa bei ya kutupa. Ramani ifichwe, thamani ya mti na muda unaouchukua kukomaa vielezwe waziwazi.

Hapa Kongo, tangu amri ya serikali ya mwaka 2014, jamii ya wenyeji inaweza kupewa msitu wake wa hadi hekta 50,000, kwa sharti la kuandaa mpango wa kuusimamia. Jamii za namna hiyo ndizo ningetaka zitangulie kufikiwa, kwa Kiswahili, Kibemba au Kisanga, nyumbani kwa chifu, mwezi wa nne, kabla nyasi hazijakauka, ili mtafiti naye aulizwe maswali na wanaochoma, na alichokisema kijaribiwe katika moto wa mwaka uleule.