Andazi mezani, mtoto hali: tunapima nini hasa?

Chekechea moja nje kidogo ya Tukuyu, asubuhi yenye ukungu. Mwanafunzi wa chuo, aliyekuja kukusanya takwimu za utafiti wake wa shahada, alimkalisha mtoto wa miaka 4 mbele ya sahani yenye andazi moja. Akamwambia: "Ukitaka kula, kula. Ila ukinisubiri mpaka nirudi, nitakupa mawili." Akatoka. Mimi na mwalimu tulibaki nje, dirishani, tukiangalia saa. Mtoto aliweka mikono mapajani akatulia. Dakika 15 zilipotimia mwanafunzi alirudi, akaandika kwenye fomu "amesubiri", akamwongezea andazi la pili. Mtoto hakula. Alikaa vilevile na maandazi yake mawili mpaka mwalimu alipoingia na kumwambia, "Kula, mwanangu." Hapo akala yote mawili, mbio mbio.

Lile neno "amesubiri" halijanitoka kichwani. Kwenye fomu lilihesabiwa kuwa ni uwezo wa kujizuia. Mimi niliona mtoto aliyelelewa kwamba chakula cha mgeni hakiguswi mpaka mkubwa wako akuruhusu. Huenda ni hilo, huenda ni lile, huenda ni yote mawili. Jinsi jaribio lilivyopangwa, hapakuwa na njia ya kujua.

Jaribio lenyewe asili yake ni Stanford, Marekani, alikolianzisha Walter Mischel mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliosubiri walikuja kuonekana wanafanya vizuri zaidi masomoni walipokua, na watu wakalichukua kama kipimo cha kesho ya mtoto. Mwaka 2018 watafiti wengine waliliangalia upya kwa watoto zaidi ya 900. Uhusiano ule ulipungua kwa karibu nusu, na hali ya nyumbani kwa mtoto ilipoingizwa kwenye hesabu, kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Wala si jaribio hilo peke yake: mwaka 2015 yalitolewa matokeo ya kurudiwa kwa tafiti 100 za saikolojia, na ni kama 36 tu zilizotoa tena matokeo ya kuaminika kitakwimu.

Hapo ndipo ninapowasikia baadhi ya walimu wa vyuo vya huku Nyanda za Juu Kusini wakisema tuachane na majaribio haya, tukae na watu, tuwasikilize. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett alionyesha kwamba katika majarida 6 makubwa ya saikolojia ya Marekani, asilimia 96 ya waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Kanuni za "akili ya binadamu" zimetungwa bila mtu wa Makete wala wa Kilolo. Na vipimo vikifika huku vinagongana na mambo ambayo aliyevitunga hakuyawazia. Swali la "unakubali kwa kiasi gani, 1 mpaka 5" ukimuuliza bibi wa Kihehe kupitia mkalimani, atakujibu lile analodhani litamfurahisha mgeni. Washiriki nao huletwa na mwenyekiti wa kijiji, naye huita anaowaamini.

Wa upande wa pili wanasema: usiguse utaratibu. Ukibadilisha chakula, maneno na anayesema, umepoteza uwezo wa kulinganisha. Hili nalo si la kupuuza, na ushahidi wake uko hapa hapa kwetu. Joseph Henrich na wenzake walipeleka mchezo mmoja kwenye jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali, wakatoa matokeo mwaka 2001. Wasangu wa Mbarali walikuwamo. Aliyefanya kazi Usangu ni Richard McElreath. Mtu wa kwanza anapewa fedha na kuamua amgawie mwenzake kiasi gani. Mwenzake akikubali, kila mmoja anaondoka na chake. Akikataa, wote wanakosa. Kwa wastani Wasangu waligawa zaidi kidogo ya asilimia 40. Wamachiguenga wa Peru waligawa asilimia 26. Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu sheria za mchezo zilikuwa zile zile.

Ila matokeo hayo hayo ya Usangu yana funzo jingine, na hapa naomba msomaji atulie nami. Wasangu walicheza kwa makundi mawili, wakulima na wafugaji. Kati ya wakulima 20 waliopokea mgawo, 5 walikataa. Kati ya wafugaji 20, alikataa mmoja. Ukisoma haraka utasema mkulima havumilii kupunjwa, mfugaji hana neno. Polepole. Tofauti ni ya watu 4, na kwa idadi ndogo namna hiyo bahati peke yake inatosha kuizaa. Kisha kuna jambo zito zaidi: hakuna aliyepangwa kwa bahati nasibu awe mfugaji. Mmoja amezaliwa zizini, mwingine amenunua ng'ombe baada ya msimu mzuri wa mpunga. Kilichomfanya awe na mifugo ndicho huenda kinamfanya akubali mgawo. Robert Edgerton na wenzake, miaka ya mwanzo ya 1960, walilinganisha wakulima na wafugaji katika jamii 4 za Afrika Mashariki, Wahehe wa Iringa wakiwamo, kwa kazi kubwa ya mahojiano. Ukuta huo huo waliukuta: ukilinganisha watu ambao maisha yameshawagawa, huwezi kusema kwa uhakika kipi kimesababisha kipi.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka tuache majaribio. Kusikiliza kutakupa dhana nzuri, kama ile niliyoipata mimi dirishani. Hakutakuambia kama dhana hiyo ni kweli. Na wanaosema tusiguse kitu wanachanganya vitu viwili. Andazi, maneno na mtoa maneno ni vya kubadilishwa bila kuogopa. Kisichoguswa ni kugawa watu kwa bahati nasibu, kuwa na kundi linganishi, yaani lisilofanyiwa badiliko linalopimwa, na kuhakikisha anayeandika majibu hajui nani yuko kundi gani. Nchini Cameroon watoto wa Wanso walipewa kitafunio cha kwao cha kukaanga, na karibu asilimia 70 walisubiri, huku watoto wa Ujerumani waliosubiri hawakufika theluthi moja. Chakula kilibadilishwa, jaribio likasimama. Lakini swali langu la Tukuyu linabaki hata hapo: ni kujizuia au ni adabu?

Celeste Kidd na wenzake walionyesha njia ya kulijibu swali la namna hiyo. Mwaka 2013 walichukua watoto 28 wa Marekani na kuwagawa kwa bahati nasibu. Nusu waliahidiwa vifaa vizuri vya kuchorea wakaletewa. Nusu waliahidiwa, mtu mzima akarudi mikono mitupu. Ndipo likafuata jaribio la kusubiri. Walioletewa walisubiri kwa wastani dakika 12, waliodanganywa dakika 3. Jambo ambalo wengine wangelilalamikia, yaani kwamba mtoto hamwamini mgeni, wao waliligeuza kuwa kitu cha kupimwa.

Nilimwandikia yule mwanafunzi mpangilio wa aina hiyo. Vikaratasi ndani ya kofia, mtoto anachota mwenyewe. Nusu wanaambiwa masharti na mgeni, kama siku ile. Nusu wanaambiwa maneno hayo hayo na mwalimu wao, akiongeza, "Mimi nimekuruhusu." Anayeandika dakika akae mahali ambapo hasikii. Kama kusubiri ni adabu, kundi la mwalimu litakula mapema zaidi. Kama ni kujizuia, makundi yatakaribiana. Watoto wawe wengi kuliko wale watu 20 wa kila kundi la Usangu, na wazazi watoe ridhaa upya, kwa sababu jaribio limebadilika.

Alinijibu baada ya wiki moja. Msimamizi wake amekubali. Tatizo ni kwamba chekechea ile nzima sasa inajua kuwa ukitulia unapata mawili, watoto wameshasimuliana. Anatafuta shule nyingine, upande wa Kiwira.