Ruzuku ya nishati na kibali cha ujenzi: haraka ya nani, usalama wa nani?

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2022 ya kupunguza mfumuko wa bei ilimpa mwenye nyumba nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama za kupunguza upotevu wa nishati nyumbani: hadi dola 2,000 kwa mwaka kwa pampu ya joto (mtambo wa umeme unaopasha au kupoza nyumba kwa kuhamisha joto kati ya ndani na nje), na hadi dola 1,200 kwa madirisha, milango, vihami joto (nyenzo za kuzuia joto kupenya dari na kuta) na kazi za aina hiyo. Kisha Bunge likaikatisha. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 iliweka ukomo wa tarehe 31 Desemba mwaka huohuo, na kilichohesabiwa ni siku mtambo ulipokuwa umefungwa na uko tayari kutumika. Kulipa fundi mapema hakukutosha.

Nafuu hiyo ilitoka serikali kuu, lakini ruhusa ya kazi hutolewa na mji au kaunti, na kila mmoja una fomu zake, ada zake na foleni yake. Aliyeomba kibali Novemba akajibiwa Januari aliipoteza nafuu hata kama hakukosea popote. Wanaotaka vibali vilegezwe huanzia hapo, na wana hoja. Boila au kiyoyozi hufa katikati ya baridi au joto kali, na familia yenye mtoto mchanga haiwezi kusubiri wiki tatu ili karatasi igongwe muhuri. Basi fundi hufunga mtambo uleule wa zamani kwa kuwa ndio alionao stoo, na nyumba inaendelea kuchoma gesi kwa miaka 15 mingine. Wapo pia wanaomwogopa mkaguzi wa mji, anayekuja kutazama kazi ya kila kibali, kwa sababu nyingine kabisa: ataona chumba kilichoongezwa zamani bila ruhusa.

Matokeo yake ni kwamba watu wengi huukwepa utaratibu wote. Mpango wa nishati uliotolewa California mwaka 2008 ulikadiria kuwa mitambo ya kupasha joto na kupoza hewa iliyobadilishwa kwa kibali ilikuwa chini ya asilimia 10. Kanuni inayovunjwa na watu tisa kati ya kumi haimlindi mtu. Inamwadhibu tu fundi mwaminifu, ambaye bei yake inabeba ada na muda ambao mshindani wake haubebi.

Lakini tuitazame Australia. Februari 2009, katikati ya msukosuko wa uchumi, serikali ya huko ilitangaza kuwa itagharamia vihami joto juu ya dari za nyumba, mwanzoni hadi dola 1,600 za Australia kwa nyumba. Lengo lilikuwa ajira na nishati kwa pamoja, na kasi ndiyo iliyotukuzwa. Kampuni zikachipuka usiku na mchana, vijana wasio na mafunzo ya kutosha wakapandishwa darini. Katika baadhi ya nyumba walipigilia karatasi za alumini kwa pini za chuma, na pini ikitoboa waya wa umeme, dari nzima huwa na umeme. Vijana wanne walikufa kazini, watatu kwa kupigwa na umeme na mmoja kwa joto kali. Nyumba kadhaa ziliungua. Mpango ulisitishwa Februari 2010, ukiwa umefikia zaidi ya nyumba milioni 1, na tume ya kifalme, yaani tume rasmi ya uchunguzi, iliyoripoti mwaka 2014 ilisema vifo hivyo vingeweza kuzuiwa. Kila ninapomsikia mwanasiasa akiahidi kuondoa urasimu ili ruzuku itiririke, nawafikiria vijana wale.

Uingereza inatoa somo gumu zaidi, kwa kuwa huko makaratasi yalikuwepo. Kazi zilizolipiwa na miradi ya serikali zilipaswa kufanywa na mafundi waliosajiliwa na kupewa vyeti vya ubora. Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu ilieleza kuwa asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa vihami joto kwenye kuta za nje chini ya miradi hiyo zilikuwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa, hasa zile zinazoruhusu unyevu na kuvu kuingia ukutani. Cheti kilitolewa, jicho huru halikutazama vya kutosha.

Kwa hiyo simwamini anayesema kibali kikiwepo mambo yako salama. Mkaguzi wa mji kwa kawaida hutazama waya, moto na mabomba ya gesi. Si kazi yake kukuambia kwamba pampu uliyouziwa ni kubwa mno kwa nyumba yako na itakula umeme bure. Hata hivyo, ukaguzi wake una thamani isiyoonekana kwenye ankara. Nyumba ikizibwa nyufa zote huku ndani kuna hita ya maji ya gesi ya kizamani, moshi uliokuwa ukipanda bombani unaweza kuvutwa kurudi sebuleni, pamoja na kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mwenye nyumba hatajua, na fundi aliyelipwa kuziba nyufa pengine hakuulizwa kuhusu hita.

Msimamo wangu ni kwamba kibali kibaki, ila kusubiri kuondolewe, na fedha ya umma ilipwe baada ya mtu huru kukagua. Kusubiri kunaondoleka: sheria ya California ya mwaka 2022 inaitaka miji na kaunti nyingi kutoa papo hapo, kwa njia ya kompyuta, vibali vya sola za nyumbani za kawaida. Pampu ya joto inayochukua nafasi ya mtambo wa zamani inaweza kupita njia hiyohiyo, na wakati wa dharura ifungwe kwanza, ombi lifuate ndani ya siku chache. Kubadilisha dirisha kwa dirisha la ukubwa uleule sioni kwa nini kuhitaji kibali chochote. Kuongeza laini nzito ya umeme, kugusa gesi au kufunika ukuta mzima ni jambo jingine.

Ugumu ni fedha za wakaguzi. Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 8.8 kwa ruzuku za nyumbani zinazosimamiwa na majimbo, ambazo kwa familia ya kipato cha chini zinaweza kufikia dola 8,000 kwa pampu moja, huku ofisi ya vibali ya mji mdogo ikitegemea ada na mkaguzi mmoja anayezunguka kaunti nzima. Sehemu ya fedha za ruzuku ingelipa ada ya kibali na saa za mkaguzi huyo, na mwenye nyumba asingekuwa na sababu ya kumkwepa. Mpaka hilo lifanyike, anayesaini mkataba aulize kibali kitakuwa kwa jina la nani, na malipo ya mwisho ayashikilie hadi kibali kifungwe, yaani mkaguzi apitishe kazi.