Kurudi Nyuma Ili Upate Kiti

Asubuhi yangu ya kwanza Nalasopara, kaskazini mwa Mumbai, India, nilifanya kosa la mgeni. Nilikuwa naenda Churchgate, kusini mwa Mumbai, basi nikasimama kwenye jukwaa la treni za kusini. Ikaja ya kwanza, watu wamening'inia milangoni kama ndizi mkunguni, ikaondoka. Ikaja ya pili, vilevile. Ya tatu nikajitosa. Nikasukumwa, nikatemwa, nikabaki na kiatu kimoja. Mama mmoja wa makamo akacheka, akaniokotea kiatu changu, akanivuta mkono tukavuka daraja hadi jukwaa la pili. Tukapanda treni ya Virar, kaskazini, kinyume kabisa na tulikotaka kwenda.

Virar ni stesheni moja tu mbele, na ndipo treni nyingi zinapogeuzia. Behewa halizunguki popote. Dereva huhamia upande wa pili, mkia ukawa kichwa. Sisi tuliokuwa ndani tukabaki tumekaa. Watu wa Virar wakarukia ndani kabla magurudumu hayajatulia, wakatukuta vitini, wakatutazama kwa jicho ambalo kwetu mtu angelisomea dua. Tulipopita tena Nalasopara nilikuwa dirishani, nawaona wenzangu wa jukwaa la kusini bado wanagombania chuma cha mlangoni.

Kutangulia si kufika, tulifundishwa utotoni. Sikujua kuna mji mzima unaoishi kwa methali hiyo kila siku ya kazi.

Nilikaa kule miaka miwili, 2016 hadi 2018, nikisoma katika chuo kimoja karibu na Churchgate. Sababu ya kukaa mbali hivyo ni ileile ya kila mtu: kodi. Dalali (nao wanamwita hivyohivyo) alinizungusha siku nne katika vitongoji vya mjini, kila chumba akitaja bei iliyonifanya nicheke kwa aibu, halafu akasema basi, twende mbele. Kila tukipita stesheni, bei inashuka. Andheri, Borivali, Mira Road, kisha daraja refu juu ya hori la Vasai, na ng'ambo ya hori ndipo penye nyumba za watu kama mimi. Huko hata hesabu ya pesa nilielewa bila kufundishwa, maana nyumba inauzwa kwa laki, neno letu na lao. Na treni yenyewe wanaiita "gaadi", ambayo ndiyo gari yetu. Kuna siku nilisimama kule nikahisi nusu ya kamusi yangu imetokea bandari ya jirani.

Kutoka Virar hadi Churchgate ni kilomita 60. Treni ya fasti, inayoruka vituo, inakula kama saa moja na nusu. Ya slo, ongeza. Benchi la watu watatu hukaliwa na wanne, na huyo wa nne hukaa tako moja, mguu mmoja njiani, na nafasi yake ina jina lake kabisa: siti ya nne. Wanaume wana vikundi vyao vya kuimba bhajani, nyimbo za ibada za Kihindu, na matoazi madogo wanakuja nayo mfukoni. Sisi tulikuwa na behewa la wanawake. Jioni, wenzangu walikuwa wakitoa visu na mifuko ya mboga, wanachambua majani ya uwatu na kumenya kitunguu saumu mapajani, ili wakifika nyumbani waende moja kwa moja jikoni. Siku tisa za Navratri, sikukuu ya Wahindu, kila siku ina rangi yake, na behewa zima linavaa rangi moja: leo njano, kesho kijani. Mimi niliyekuja na nguo za kuhesabu niliazimwa mitandio na watu ambao sikujua majina yao. Karibu na Dussehra, sikukuu inayofuata siku hizo tisa, abiria hupamba treni kwa maua ya manjano na kuiombea, kama watu wanaomshukuru punda kabla ya kumpandisha tena mzigo.

Kuna treni nzima ya wanawake watupu pia. Ilianza Mei 1992 kati ya Churchgate na Borivali, mwaka uliofuata ikafikishwa Virar. Asiyewahi kukandamizwa mlangoni saa kumi na mbili jioni ataona ni kitu kidogo.

Wapangaji wa miji wana jina la mahali kama hapa: mji wa kulala. Mimi sikuona anayelala. Mama mwenye nyumba wangu, tuliyemwita Kaku kama wanavyomwita mke wa ndugu wa baba huko, aliamka saa kumi alfajiri kwa sababu maji ya bomba yalikuja saa hiyo, siku yakija. Yasipokuja, ghorofa zima lilichanga pesa tukaita boza. Mume wake alikuwa nje ya mlango saa kumi na moja na nusu, akarudi saa tatu usiku. Watoto wao wawili walimfahamu baba zaidi kwa kikohozi chake cha alfajiri. Mcheza kriketi Prithvi Shaw alikulia hapo Virar. Kila alfajiri baba yake alimpakia treni na mfuko wa vifaa uliomzidi kimo, wakaenda viwanja vya mjini. Familia ikaja kupata makazi karibu zaidi na mjini, na Novemba 2013, akiwa na miaka 14, akafunga mikimbio 546 katika mechi moja ya shule. Govinda pia, yule mwigizaji wa filamu za Kihindi tuliyemwangalia kwenye kanda za video akicheza dansi na suruali za rangi za ajabu, ni mtoto wa Virar. Hawa wawili ndio wanaotajwa. Wengine ambao hawakufunga 546 bado wako kwenye siti ya nne.

Mumbai kuna mzaha wa zamani kwamba ukipanda treni ya Virar ukitaka kushuka Borivali, watu wa Virar hawatakuruhusu ushuke. Watakubeba hadi mwisho kukutia adabu. Wenzangu chuoni waliusimulia kila niliposema ninakoishi. Nina ugomvi na mzaha ule. Unamfanya mtu wa Virar aonekane mshenzi aliyechagua kusongamana, wakati treni ya Borivali ipo na yule mjanja hakuitaka kwa sababu ina vituo vingi. Nao watu wa reli hii wanakufa. Njia zote za mjini zikijumlishwa, kuna miaka wamezidi 2,000: wanaovuka reli, wanaodondoka milangoni. Septemba 29, 2017 nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya mvua, na hiyo ndiyo asubuhi watu 23 walipokanyagana hadi kufa kwenye daraja la miguu la stesheni ya Elphinstone Road. Behewa la jioni lilikuwa kimya. Hakuna aliyetoa kisu cha mboga.

Linalonichekesha zaidi kuhusu kuitwa "pembezoni" ni historia. Wareno walikabidhiwa Vasai, mji jirani wa Nalasopara, na Sultani Bahadur Shah wa Gujarat mwaka 1534, wakaifanya makao yao makuu ya kaskazini. Visiwa vya Mumbai vilikuwa shamba la Vasai. Mwaka 1661 Wareno wakavitoa kama mahari ya binti mfalme wao kwa mfalme wa Uingereza, na Vasai wakabaki nayo kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maana, mpaka Wamaratha, dola ya Wahindi wa eneo lile, walipowang'oa 1739. Ngome ipo hadi leo, makanisa hayana paa, mizizi ya miti imekumbatia kuta. Mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus akiingia pale hahitaji kuelezwa. Mombasa na Vasai zote zilipokea amri kutoka Goa, makao makuu ya Wareno India.

Na Nalasopara yangu yenye maboza ni Sopara ya kale. Karibu na mabwawa na nyumba za ghorofa kuna kichuguu cha stupa, jengo la ibada la Kibuddha, kilichochimbwa mwaka 1882, na mawe yenye amri za Ashoka, mfalme wa India ya kale, yalipatikana mji huohuo. Periplus, ule mwongozo wa Kiyunani wa mabaharia wa karne ya 1, unaitaja bandari hii kwa jina la Suppara. Mwongozo huohuo unaitaja Rhapta, soko la pwani yetu ambalo wanaakiolojia bado wanabishana lilikuwa wapi. Nilikwenda kwenye stupa siku moja kwa bajaji, bajaji ya kweli kwao. Mlinzi aliniuliza natoka nchi gani, nikamwambia, akasema mbali sana. Nikaona nisibishane.

Reli ndiyo iliyopindua mambo. Treni ya kwanza ya abiria wa mjini ilitoka Virar mwaka 1867, moja tu kwa siku, na kwa miaka mingi Vasai ilibaki nchi ya migomba, tambuu, maua na chumvi. Upande wa magharibi wa reli bado kuna vijiji vya Wakatoliki na wenzao Wahindu wenye visima na bustani, wanaopeleka mboga na maua mjini na treni za alfajiri. Bei za Mumbai zilipopaa, wajenzi wakavuka hori. Mwaka 1990 shirika la serikali la CIDCO, lililojenga Navi Mumbai, mji mpya jirani na Mumbai, likapewa kazi ya kulipangia eneo hili. Padri Francis D'Britto, ambaye pia alikuwa mwandishi mkubwa wa Kimarathi, aliongoza watu kulinda mashamba na visima; alifariki 2024, na sehemu kubwa ya kijani kilichobaki naamini ni deni kwake na wenzake. Upande wa mashariki hakukuwa na padri. Sensa ya 2001 miji minne ya hapa haikufika laki 5 kwa jumla. Ilipofika 2009 ikaunganishwa na vijiji 53 kuwa manispaa moja kubwa, vijiji vikagoma vikisema havitaki kodi za mjini wala majengo yake, na sensa ya 2011 ikahesabu zaidi ya laki 12. Sensa iliyofuata ilikuwa iwe 2021, ikaahirishwa. Mimi nilihesabu kwa jukwaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mji huu umekua bila mpango. Nimeishi ndani yake; mpango ulikuwepo, ila haukuwa ule wa kwenye ramani. Jengo la ghorofa nne halioti usiku kama uyoga. Kuna aliyepitisha umeme, kuna aliyefunga mita, kuna aliyekuja na kitabu cha risiti kudai kodi ya jengo, kuna aliyekuja kuomba kura ngazi kwa ngazi. Mnunuzi akiona mihuri yote hiyo anaamini, na ni nani asingeamini? Halafu siku moja mahakama inauliza ardhi hii ilitengwa kwa ajili gani, na inaonekana ramani ilisema mtambo wa majitaka. Ndivyo ilivyokuwa kwa majengo 41 ya Nalasopara mashariki yaliyobomolewa kuanzia mwishoni mwa 2024, na familia zaidi ya elfu mbili zikatoka na magodoro. Sheria ilikuwa sahihi. Lakini aliyelala nje ni yule aliyelipa, na pesa yake ilikuwa imeshafika mbali.

Agosti 2025 ikawa mbaya zaidi. Huko Virar, usiku, sehemu ya jengo lililojengwa bila kibali iliporomoka, watu 17 wakafa. Katika fleti moja walikuwa wamemaliza kusherehekea mwaka wa kwanza wa mtoto. Nilisoma habari ile mara tatu, nikitafuta jina la mtaa.

Sikai tena kule, lakini nakumbuka Julai 2018. Kusi ileile iliyokuwa ikisukuma majahazi yetu kwenda India ndiyo inayowaletea mvua, na mwaka ule ilimwaga siku kadhaa mfululizo. Uwanda wa chumvi na mpunga uliokuwa ukimeza maji umefukiwa kifusi, basi maji yakaja kwa watu. Reli ya Nalasopara ikazama, treni zikasimama, umeme ukakatika. Mimi nilikuwa ghorofa ya kwanza, Kaku chini. Nilishuka kumsaidia, maji yamefika magotini, nikakimbilia televisheni kwa sababu ndicho kitu cha bei kuliko vyote. Akaniambia iache, beta, yaani mwanangu, iache.

Alikuwa amepiga magoti majini, mkono wote uko chini ya kitanda, anatafuta. Akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, akanikabidhi kama anavyokabidhiwa mtoto mchanga, akasema upandishe juu kabatini, juu kabisa. Ndani mlikuwa na mkataba wa fleti, risiti za kodi ya jengo za miaka tisa, na bili za umeme, zote zimepangwa kwa tarehe.